Kuonja mvinyo kwenye kiwanda kidogo: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Lazima niweke miadi? Nikitema, si nitamvunjia mwenyeji heshima? Nisiponunua itakuwaje? Halafu lipo lile ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: nifanyeje ikiwa sijui lolote kuhusu mvinyo? Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa.

Mwongozo huu unahusu kiwanda kidogo, kile ambacho jina lake hujawahi kulisikia. Vile vikubwa vyenye kaunta ndefu na mhudumu anayekariri maelezo havihitaji mwongozo, utaongozwa tu. Kwenye kiwanda kidogo anayekumiminia mara nyingi ndiye aliyepogoa mizabibu, akasimamia uchachushaji, akaamka usiku kwenda kupima joto la tangi. Hiyo ndiyo raha yake, na hapohapo ndipo penye mtego. Ukishampenda mwenyeji, mvinyo wake unapanda daraja mdomoni mwako bila wewe kujua. Niliwahi kurudi nyumbani na chupa 12 baada ya alasiri moja ya mazungumzo matamu. Wiki mbili baadaye nikafungua ya kwanza: mbao na kilevi, basi. Mwenyeji hakunidanganya, nilijidanganya mwenyewe. Nusu ya hatua zilizo hapa chini nilifundishwa na zile chupa.

Vitu vya kuandaa

- Dereva ambaye hataonja kabisa, au usafiri wa kukodi. Hili halina mjadala.
- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa, ila ukishaishika utaanza kupiga picha.
- Kikombe chako cha kutemea, kisichoonyesha kilichomo ndani. Sehemu nyingi ndogo hazina ndoo ya kutemea, au ipo moja mbali na meza.
- Chupa ya maji na mkate mkavu usio na chumvi nyingi.
- Viatu vya kufunika miguu na sweta. Sakafu ya kiwanda huwa imelowa, na ghala la mapipa ni baridi hata jua likiwaka nje.
- Sanduku la kuhifadhi baridi, kwa ajili ya chupa utakazonunua.
- Fedha taslimu kiasi. Mashine za kadi huko shambani zina tabia zake.

Na kimoja cha kuacha nyumbani: manukato. Marashi yako yatawaharibia watu wote walio chumbani, si wewe peke yako. Losheni yenye harufu kali nayo ni hivyohivyo.

Mjamzito, anayetumia dawa zisizopatana na kilevi, na ambaye hajafikia umri wa kisheria wa kunywa asionje. Anaweza kutembelea shamba na kunusa glasi. Kunusa peke yake ni zaidi ya nusu ya kazi, kama utakavyoona.

Hatua kwa hatua

1. Chagua kiwanda, kisha chagua msimu. Njia bora ya kukipata kiwanda kizuri kisichojulikana ni kumuuliza mtengenezaji mwingine mdogo: "Ukiacha wako, unakunywa mvinyo wa nani?" Watu hawa hujuana, huazimana pampu na mapipa, na wanajua nani anafanya kazi safi. Usikidharau kiwanda kwa sababu hakina jina. Mwaka 1976, jijini Paris, waonjaji Wafaransa walionja bila kuona lebo, wakaipa nafasi ya kwanza mvinyo ya California, mweupe na mwekundu, mbele ya majina makubwa ya Ufaransa. Wakati huo ni wachache waliotarajia hilo.

Kuhusu msimu: mavuno kaskazini mwa ikweta kwa kawaida huwa kati ya Agosti na Oktoba, na kusini kati ya Februari na Aprili. Ukienda wakati huo utaona kazi yenyewe, lakini huenda usipate mtu wa kuzungumza naye. Kwa mara ya kwanza, nenda miezi miwili au mitatu baada ya mavuno.

2. Weka miadi. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, lazima. Hapo ni mahali pa kazi, na mara nyingi ni nyumbani kwa mtu. Piga simu, sema mko wangapi, kisha uliza mambo manne: mtaonja aina ngapi, kuonja kunalipiwa au la, ukinunua malipo hayo yanakatwa kwenye bei au hayakatwi, na kama mtaruhusiwa kuona mapipa. Watu wanne ni wengi wa kutosha. Mkiwa kumi mmekuwa sherehe, na mwenyeji ataacha kuwaeleza mambo aanze kuwahudumia.

Ukichelewa, piga simu. Huenda amesimamisha kazi akikusubiri.

3. Nenda asubuhi, ukiwa umekula. Saa nne au saa tano asubuhi ulimi bado haujachoka. Kula chakula cha kawaida kisicho na pilipili, na usinywe kahawa wala kupiga mswaki dakika chache kabla ya kuonja. Dawa ya meno huufanya mvinyo wowote uwe mchungu na mchachu kupita kiasi. Viwanda viwili kwa siku vinatosha. Anayekuambia alitembelea vitano, cha nne na cha tano havikumbuki.

4. Tazama kwanza, onja baadaye. Omba kuona shamba na matangi kabla ya kukaa mezani. Si lazima ujue nadharia. Inatosha kukumbuka kwamba mvinyo mwekundu huchacha pamoja na maganda ya zabibu, na maganda ndiyo yanayotoa rangi na ukakasi. Mweupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza, maganda yakatolewa, ndipo juisi ikachachushwa. Ule wa waridi hukaa na maganda kwa saa chache tu.

Maswali mazuri kwa mgeni ni yale mepesi. "Mwaka huu hali ya hewa iliwatendaje?" "Zabibu ni zenu au mnanunua?" "Mnatoa chupa ngapi kwa mwaka?" Jibu la swali la mwisho unaweza kulipima kwa macho: pipa la kawaida la mtindo wa Bordeaux, eneo la mvinyo huko Ufaransa, hubeba lita 225, sawa na chupa 300 za mililita 750. Ukihesabu mapipa 20, umeona chupa 6,000.

*Onyo:* wakati wa uchachushaji, usiingie ghala la chini wala kuinamia tangi lililo wazi pasipo ruhusa ya mwenyeji. Chachu ikila sukari hutoa kabonidioksaidi. Gesi hiyo haionekani, ni nzito kuliko hewa, na hujikusanya chini. Imeshaua watu ghalani, wakiwemo wazoefu.

5. Fuata mpangilio. Wenye mapovu kwanza, kisha mweupe mkavu, wa waridi, mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, na mtamu mwisho. "Mkavu" hapa maana yake hauna sukari ya kuhisika, kwa hiyo usishangae kuona kitu cha majimaji kinaitwa kikavu. Ukianza na mtamu, kila kitakachofuata kitakuwa kama ndimu.

Kipimo cha kuonjea ni mililita 30 hadi 50. Hesabu mwenyewe: aina sita kwa mililita 50 ni mililita 300, yaani zinakaribia nusu chupa. Ndiyo maana ipo hatua ya 8.

6. Angalia rangi, kisha nusa mara mbili. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo mweupe ukizeeka rangi hukolea kuelekea dhahabu, na mwekundu hupauka kuelekea rangi ya tofali. Zile michirizi zinazoshuka ndani ya glasi, ambazo watu huzishangilia, zinatokana na kilevi kuvukiza. Hazisemi kama mvinyo ni mzuri.

Nusa kabla ya kuutikisa. Kisha zungusha glasi taratibu ikiwa mezani, uushike mguu wake, unuse tena. Harufu zitakuwa zimefunguka. Usitafute maneno makubwa. Je, ni matunda? Mabichi, yaliyoiva, au yaliyopikwa kama jamu? Je, kuna maua, majani, udongo uliolowa, moshi, vanila? Vanila mara nyingi imetoka kwenye pipa la mwaloni, haikutoka kwenye zabibu. Harufu ya siagi kwenye mvinyo mweupe hutokana na bakteria waliogeuza asidi kali kuwa laini.

Mvinyo ukiwa baridi mno hautatoa harufu yoyote. Mweupe hupendeza kwenye nyuzi 8 hadi 12 za selsiasi, mwekundu 14 hadi 18. Ukiletewa mweupe uliotoka kwenye jokofu moja kwa moja, kumbatia glasi kwa viganja dakika mbili.

7. Onja kama unayesukutua. Chukua fundo dogo, lizungushe mdomoni pande zote, mpaka kwenye fizi. Vuta hewa kidogo kupitia midomo. Utatoa sauti ya ajabu, na hakuna atakayekushangaa. Kisha jiulize mambo matano:

- Utamu: upo au haupo? Matunda yaliyoiva huweza kukulaghai ukadhani kuna sukari.
- Uchachu: mate yanatiririka kando ya ulimi? Yakitiririka, asidi ni nyingi. Hilo si kosa, ndilo linalompa mvinyo uhai.
- Ukakasi: fizi zinabana kama umetafuna ndizi mbichi, au kama umekunywa chai iliyokolea majani? Hizo ni tanini, vile vitu vya kwenye maganda, zinashikana na protini za mate yako.
- Kilevi: koo linawaka baada ya kumeza au kutema?
- Urefu: ladha inabaki sekunde ngapi? Hesabu kweli. Ikiyeyuka kabla ya tano, mvinyo ni mfupi. Ikipita 15, sikiliza vizuri.

Halafu swali la sita, ambalo kwangu linapita yote matano: je, kuna kimoja kinachowafunika wenzake? Zile chupa zangu 12 zilikuwa na mwaloni uliofunika kila kitu, na ningeligundua palepale kama ningejiuliza.

8. Tema. Si utovu wa adabu. Mtengenezaji mwenyewe hutema siku nzima, la sivyo asingeweza kufanya kazi. Inama kidogo, kaza midomo, tema kwa nguvu. Ukitema kwa aibu ndipo unapojimwagia. Fanya mazoezi bafuni kwa maji, sitanii. Jua pia kwamba kutema hakukulindi kabisa: kiasi fulani cha kilevi kinaingia mwilini kupitia mdomo na kile kinachobaki, kwa hiyo dereva ni yule ambaye hakuonja, si yule aliyetema.

9. Andika kabla ya kusikia hadithi. Ukichagua hatua moja tu kati ya zote, chagua hii. Mwenyeji atamimina, na kabla hujainua glasi ataanza: babu yake alipanda mizabibu hii, mwaka ule ulikuwa na ukame, utasikia cheri na viungo. Ukishasikia "cheri", umekwisha, utaisikia tu. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bordeaux ambapo wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wakisomea fani yenyewe. Mimi na wewe je?

Sema kwa upole tangu mwanzo: "Naomba nionje kwanza kimya kidogo, halafu unieleze." Sijawahi kukutana na aliyekasirika. Andika mistari miwili, na alama ya ndiyo, hapana, au bado. Kisha funika daftari, msikilize kwa moyo wote, maana hadithi nayo ni sehemu ya safari. Usiibadilishe tu ile alama.

10. Sema ukweli, kwa adabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtengenezaji mdogo anapata sifa za bure kila siku kutoka kwa wageni wanaotaka kuongezewa glasi. Anachokikosa ni mtu wa kumwambia, "Huu wa pili ulinifurahisha zaidi, wa nne mbao zimenizidi." Sema ulichohisi mdomoni, usitoe hukumu: "fizi zangu zilibana sana" ni taarifa, "mvinyo wako ni mkali" ni tusi. Usikae ukilinganisha na kiwanda cha jirani.

Akikuonjesha kutoka kwenye pipa, ni heshima. Lakini ule bado haujakamilika, huwa haujang'aa na una makali. Uliza ataufanya nini baadaye, usiutolee alama.

11. Rudia miwili kabla ya kununua. Omba tone jingine la ile uliyoipa alama ya ndiyo, ukiwa umesukutua kwa maji na kula kipande cha mkate. Angalia kilicholetwa mezani. Wafanyabiashara wa zamani wa mvinyo wana usemi: nunua kwa tofaa, uza kwa jibini. Jibini hulainisha ukakasi na kuficha kasoro, tofaa huzifichua. Ukiona sahani ya jibini imefika kabla ya mvinyo mwekundu, ifurahie, ila onja kwanza.

Nunua chupa mbili za ule ulioshinda yote, na moja ya ule uliokuchanganya. Usinunue boksi zima mara ya kwanza, utarudi au utaagiza. Uliza unywewe lini: mvinyo mwingi duniani umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, haukui kwa kufichwa kabatini. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni. New Zealand na Australia hufunga hivyo hata chupa zao za hadhi.

Usiponunua? Lipa ada ya kuonja, shukuru, ondoka. Kama hakukuwa na ada na amekupa saa mbili za siku yake, mimi hununua angalau chupa moja. Hiyo ni dhamira yangu, si sheria.

12. Ifikishe nyumbani salama. Chupa kwenye gari lililoegeshwa juani huharibika ndani ya saa chache: mvinyo hupanuka, kizibo husukumwa, na ladha huwa kama matunda yaliyopikwa. Weka kwenye sanduku la baridi, usiache garini mkisimama kula. Kwa ndege, chupa nzima kwa kawaida hairuhusiwi kuingia nawe ndani. Ifunge kwa nguo katikati ya sanduku unalokabidhi, na uangalie kiwango cha forodha cha unakokwenda. Nyumbani, laza zenye kizibo cha gome mahali pa giza na ubaridi, uziache zitulie wiki moja au mbili.

Mambo yakienda kombo

*Sinusi kitu.* Huenda mvinyo ni baridi mno, au pua imechoka. Nusa mkono wako mwenyewe au kitambaa safi, rudi tena. Kama una mafua, ahirisha safari.

*Yote inafanana.* Umepita aina sita au saba. Pumzika dakika 20, kunywa maji, kisha onja miwili tu kwa pamoja, glasi kwa glasi. Tofauti huonekana kwa kulinganisha.

*Unanuka uvundo, kama kadibodi iliyolowa.* Kizibo kimeathirika. Haina madhara kiafya, lakini matunda yamezimwa na haitapona. Mwambie mwenyeji faraghani: "Naomba uinuse hii chupa." Atakushukuru na kufungua nyingine.

*Unanuka mayai yaliyooza au kiberiti kilichowashwa.* Zungusha glasi kwa nguvu, subiri dakika kumi. Mara nyingi huondoka. Unaonuka siki au rangi ya kucha hautaondokewa.

*Kuna vipande kama glasi chini ya chupa.* Ni fuwele za asidi ya zabibu zilizoganda kwa baridi. Hazina madhara, acha vidole viwili vya mwisho kwenye chupa.

*Hakuna pa kutemea na nimesahau kikombe.* Omba glasi tupu au utemee nje kwenye majani. Usimeze kwa sababu ya haya.

*Kichwa kimeanza kuwa chepesi.* Umefika mwisho wa kuonja, hata kama zimebaki aina tatu. Kula, kunywa maji, na usinunue chochote ukiwa hivyo.

*Sikupenda hata mmoja.* Hutokea. Shukuru kwa muda, sifu kile ulichokipenda kweli, hata kama ni shamba tu. Usiahidi kurudi kama hutarudi.

*Nyumbani ladha si ileile.* Kwanza kagua joto, kisha glasi. Kikombe kinene cha maji huua harufu. Funga chupa, iweke kwenye jokofu, uionje tena kesho yake. Fungua ya pili baada ya mwezi. Ikiwa bado si ule ulioukumbuka, rudi kwenye daftari uone alama uliyoiweka kabla ya hadithi. Mara nyingi jibu liko pale, na kilichobaki ni kuipikia. Kati ya zile 12 zangu, tisa ziliishia sufuriani.